Aliyeniuliza Ufuo wa Kwetu

Watu hawaniamini kwa sababu haikuwa usiku. Wanataka giza, wanataka kaburi. Mimi nakwambia ilikuwa mchana, taa zote zinawaka, ndani ya jumba la nguo la Zhanqian Road, hapa Guangzhou. Sikuwa mgonjwa wala sikuwa usingizini, nilikuwa na njaa tu.

Nilishanunua nguo zangu za watoto. Robota limefungwa, nimelikalia nje ya duka namngoja mchukuzi. Akaja mama wa makamo, kavaa buibui, akaketi upande wa pili wa robota. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza, "Kwenu wapi, mwanangu?" Kiswahili cha Pemba hasa, kama cha bibi yangu. Wewe ungefanyaje? Wiki ya tatu uko ugenini, halafu unasikia lugha ya kwenu. Moyo wangu ulifunguka wote.

Nikamwambia natoka kaskazini ya Pemba, kule ghubani.

"Nitajie ufuo wenu," akasema. "Anzia mlangoni."

Mlango ndipo bahari kuu inapoingilia. Basi, nani asiyependa kujigamba kwao? Nikamtajia Fungu la Membe, mchanga mweupe unaochomoza maji yakipwa, ndege wamejaa tele. Nikamtajia mwamba wa matumbawe wenye matundu ya pweza. Nikaja kwenye mikoko, na kaa wake wakubwa, na tope linalokuzamisha hadi magotini. Kila nilipotaja kitu alifumba macho akameza mate, kama mtu anayelishwa. Nikaona ni hamu ya nyumbani, maskini, nikamwonea huruma.

"Halafu?"

"Halafu kisima cha mama. Na nyuma ya kisima..."

Hapo laoban, ndivyo tunavyomwita mwenye duka, akatoka na dekio anafoka. Nikatazama chini. Vigae vimetapakaa maji, yanachuruzika kutoka pindo la buibui la yule mama, na yananuka tope la mikoko. Nje hakukuwa na tone la mvua. Nilipoinua uso, hayupo. Haki ya Mungu, laoban alideki yale maji mbele yangu. Na nilipolifungua robota Unguja, nguo za upande aliokalia zilikuwa zimeganda chumvi.

Kesho yake baada ya yule mama kutoweka, ningali Guangzhou, mama yangu akanipigia. Anaishi peke yake ufuoni, nyumba iko nyuma tu ya kisima. Akaniambia Fungu la Membe limeliwa na bahari, usiku mmoja tu. Wavuvi wakasema ni bamvua, yale maji makubwa ya mwezi. Haya, nikakubali. Miezi ikapita, matumbawe yakafa, pweza wakahama. Kisha mikoko ikakauka imesimama. Umeona? Kwa mpangilio ule ule niliotaja mimi. Mwaka huu kisima kimeingia chumvi.

Na baada ya kisima nilikuwa nataka kutaja nini? Naogopa, sikufichi. Nimemsihi mama ahamie kwangu mjini, anasema, "Bahari hii nimeikuta, mie sihami."

Mwezi uliopita nilikuwa Guangzhou tena, duka lile lile. Mama akapiga, sauti yake ina furaha.

"Nina mgeni wako hapa. Mwanamke mpole huyo! Nimempa maji ya kisimani, aibu imenishika, lakini kanywa kata nzima wala hakukunja uso. Anasema mlikuwa mkizungumza, hukumaliza. Nikupe?"

Nikakata simu. Nilimkatia simu mama yangu mzazi, nikakaa chini kwenye vigae nikalia, laoban ananitazama.

Mama yupo, nyumba ipo. Akinipigia, nauliza kwanza yuko na nani, ndipo namwamkia. Anasema nimekosa adabu, na aseme. Nawe unayesafiri, ukiulizwa kwenu na usiyemjua, mwambie unatoka mjini, kwenye lami. Hata akisema lugha ya bibi yako. Hasa akisema lugha ya bibi yako.