Sisi Tuliokula Jikoni

Binti yangu alipewa kazi ya shule juu ya utumwa wa Marekani, na kwa kuwa Kiswahili chake ni cha kuombea maji tu, nikamwambia anisimulie kwa Kiswahili apate mazoezi. Tulikuwa kwenye fleti yetu Hillbrow, Johannesburg, Jumapili asubuhi, mimi nachambua mchele. Akanisimulia watoto walivyouzwa mama zao wakiangalia. Akanisimulia vita vya wenyewe kwa wenyewe, na jinsi watu walivyoachiwa huru, halafu wengi wao, kwa kukosa ardhi na pa kwenda, wakabaki kwa mabwana wale wale, kwenye mashamba yale yale na majiko yale yale.

"Mimi ningeondoka siku hiyo hiyo," nikamwambia. "Hata sufuria nisingeosha."

Mchele wenyewe ulikuwa wa pilau ya hitima, nyumbani kwa mzee mmoja wa kwetu Tanga mwenye duka la vitambaa mjini kati. Kila shughuli ya nyumba ile napika mimi. Sialikwi, naitwa. Wala haikuwahi kunikera, maana kule Tanga mama yangu ndiye aliyepika shughuli za ukoo huo huo, na kabla yake bibi. Niliona ni mazoea tu ya majirani.

Mchana binti akanisaidia kubeba masufuria. Nilipoingia sebuleni na sinia, mzee akaninyooshea kidole mbele ya wageni wote. "Huyu mtumwa wangu huyu! Mkono wake hauna mfano." Watu wakacheka, nami nikacheka. Kisha tukarudi jikoni kula, tumekalia ndoo.

Binti hakugusa chakula. Nikamweleza kuwa huo ni utani, kwamba kwetu mtani anaweza kukuita mtumwa wake hata msibani na usikasirike.

"Sharp," akasema, yaani sawa. "Na wewe unamwitaga yeye mtumwa wako?"

Utani ni kutupiana. Mtani akikuita mtumwa, unamrudishia kubwa zaidi hadi watu washike mbavu. Mimi sijawahi kumrudishia. Mama hajawahi. Sikumbuki mtu hata mmoja wa kwetu aliyethubutu kuwatania watu wa nyumba ile.

Jioni nikampigia mama simu Tanga. Nikamuuliza kama wale ni watani zetu.

"Watani wapi? Sisi ni wazalia wao."

"Wazalia ndio nini, mama?"

"Bibi yake bibi yako alinunuliwa akaletwa nyumba ile. Waliozaliwa humo ndio sisi. Kwani ulikuwa hujui?" Aliuliza kwa sauti ile ile anayoniulizia kama huku kuna baridi.

Nikakaa sakafuni. Kununuliwa kwenyewe hakukunishangaza sana, pwani ile walinunuliwa wengi. Kilichonipiga ni kwamba hakuna aliyetuambia tuache. Nimevuka mipaka kwa mabasi, nimelala stendi, nimefika Johannesburg nikasema nimeanza maisha mapya, kumbe nimekuja na jiko lile kichwani. Na asubuhi hiyo hiyo nilikuwa nawacheka watu wa Marekani!

Wiki haijaisha, bi mkubwa, mke wa mzee, akapiga simu. Kijana wao anaoa. "Safari hii njoo na binti yako jikoni. Amekua, naye ajifunze."

Nikamwambia, "Tutakuja, bi mkubwa, ila tutakuja kama wageni. Mimi sipiki, na binti yangu hapiki."

Afadhali angenitukana. Alishangaa tu, mshangao wa kweli kabisa. "Sasa nani atapika?" Kisha akauliza polepole, "Mama yako anajua?"

Hapo akanipata. Mama anaishi uani kwa nyumba yao kule Tanga, kwenye chumba alichozaliwa, na neno moja kutoka huku lingetosha kumtoa. Nikajibu kwamba anajua. Nilipokata, nikampigia mama haraka kabla hajaambiwa na wao. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakata simu bila kuaga.

Harusini tulikwenda tumependeza. Chakula kilipikwa na mpishi wa kukodi, wali ukawa bokoboko, nikafurahi, Mungu anisamehe. Mzee alinipita kama hanioni. Nilikaa mkekani, na nusura ninyanyuke mara sinia zilipoanza kuingia. Binti akanishika gauni.

Kesho yake mama akapiga.

"Ulikaa wapi?" akauliza.

"Sebuleni, mama. Katikati, karibu na shangazi yake bibi harusi."

"Wakakuletea chakula?"

"Wakaniletea."

"Ukanawishwa mikono?"

"Nikanawishwa."

Mama amewashikia birika watu wale tangu akiwa msichana. Nikamsikia anavuta pumzi. "Nani aliyekunawisha?"

"Binti yao. Alipiga magoti akanimiminia, akanipa na taulo."

"Wameshaniambia nihame," akasema. "Lakini hebu nisimulie tena hapo pa kunawa."