Kikao Kisicho Rasmi

Blandina Tluway alikuwa matroni wa chuo chetu pale Karatu kwa miaka kumi na sita. Kama kuna mtu aliyewahi kumsikia akipandisha sauti, basi si mimi, na ofisi zetu zilipakana. Mimi ni Rozalia, mpiga chapa. Barua zote za chuo zilipita mikononi mwangu, isipokuwa moja ambayo hakuna aliyeniambia niipige, na hiyo ndiyo inayoniuma mpaka leo.

Blandina alizaliwa kijijini Qurus kwa wakulima wa mahindi na maharage, akasoma kwa masista, akawa mwalimu wa sayansi kimu. Mwaka 1982 walimpeleka Arusha kwenye semina ya siku tano. Huko watumishi wa vyuo walifundishwa kumaliza malalamiko ya wanawake wanaobaguliwa kazini kabla hayajafika kwenye kamati. Alirudi na daftari limejaa, na juu kabisa ameandika kwa herufi kubwa: USULUHISHI USIO RASMI. Sikiliza pande zote mbili. Usilaumu mtu. Usiandike chochote, ili watu waseme kwa uhuru. Mwisho wapeane mikono.

Alifurahi, maskini. Nilimtania, "Mama, sasa umekuwa hakimu."

"Hakimu anafunga watu," akasema. "Mimi nitawapatanisha."

Wa kwanza kumletea shauri alikuwa Hyasinta, mwalimu wetu wa zana za kilimo. Trekta la chuo likigoma, wanaume walizunguka wakikuna vichwa mpaka Hyasinta afike na spana zake. Mwaka ule ilitoka nafasi moja ya kusomea stashahada Morogoro. Alistahili yeye. Mkuu wa chuo, Ndugu Bonifasi, akampa Josephati, kijana ambaye Hyasinta ndiye aliyemfundisha kufunga plau. Sababu aliitoa mbele ya walimu wote: mwanamke atashika mimba katikati ya kozi, nafasi ya serikali ipotee bure.

Hyasinta alikuja kwangu na hasira zake. Alitaka nimpigie barua ya rufaa kwenda mkoani, na rufaa ilikuwa na siku thelathini tu. Nilishaweka karatasi kwenye mashine Blandina alipoingia.

"Dada, nipe nafasi kwanza," akamwomba. "Ukipeleka mkoani mtakuwa maadui, na bado utafanya kazi chini yake. Haya ndiyo niliyofundishwa."

Hyasinta alimwamini. Nani asingemwamini Blandina? Nikaitoa ile karatasi.

Walikaa watatu kwenye chumba cha upishi, chai bila sukari, maana sukari ilikuwa haipatikani. Mkuu alikuwa mpole ajabu. Alikubali kwamba alikosea, akaahidi nafasi ya mwaka unaofuata itakuwa ya Hyasinta. Wakapeana mikono. Blandina alitoka pale anang'aa, na wiki ile nzima aliimba jikoni. Siku thelathini zikapita.

Mwaka uliofuata nafasi ilitoka, akapewa Martini, shemeji yake Mkuu. Blandina na Hyasinta walimwendea Mkuu ofisini, mlango ukabaki wazi, nami nikasikia kila neno.

"Ndugu Mkuu, si uliahidi?" Blandina aliuliza.

"Niliahidi, sikatai," akajibu, tena anatabasamu. "Lakini mama, si wewe mwenyewe uliyesema kile si kikao rasmi? Basi na ahadi haikuwa rasmi. Niliongea kama jirani tu."

Blandina hakuwa na karatasi hata moja ya kumwonyesha. Ningeipiga ile ahadi iwe barua kwa dakika tano, yule mtu akaweka sahihi! Hyasinta aliandika mkoani hata hivyo, jibu likaja na mistari miwili: muda wa rufaa umepita. Muhula ulipoanza aliondolewa karakana, akapangiwa kufundisha ushonaji. Alivumilia hadi Pasaka, kisha akaacha kazi. Mara ya mwisho mimi na Blandina kumwona alikuwa anapalilia ngano ya mtu huko Qurus, kwa kutwa. Alimwamkia Blandina kwa heshima ile ile, na Blandina alilia njia nzima.

Lakini mkoani walikuwa na ripoti ya Mkuu, kwamba chuo chetu kilipata shauri moja na limesuluhishwa. Kwa hiyo mwaka 1985 wakamwagiza Blandina akafundishe watumishi wenzake Wasso. Nilimwambia akatae. Akasema agizo ni agizo. Nilifuatana naye kubeba stensili, siku mbili za vumbi ndani ya basi.

Alifundisha hatua zote kama zilivyo daftarini, sauti imepoa. Mwishoni Sintamei, karani msichana kutoka Piyaya, akanyoosha mkono.

"Shikamoo mama. Wewe umesuluhisha mashauri mangapi?"

"Marahaba. Moja."

"Na yule mama aliyelalamika, alipata haki yake?"

Blandina alifunga daftari. Alinitazama mimi, kisha akamtazama yule msichana, ambaye alikuwa ameshika kalamu tayari kuandika jibu.

"Walipeana mikono," akasema.

Sintamei akaandika.