Siku Tuliyomwekea Mwandishi Matanga

Naandika haya nikiwa nimefunika uso kwa mkono mmoja, kwa hivyo mwandiko ukipinda mnisamehe, na nyinyi wa darasa letu mnaoyajua tayari, tafadhali msinisaidie kusimulia, mmeshasimulia ya kutosha. (Hata mpishi wa shule ananiita kwa jina jipya siku hizi. Sitalitaja.)

Mwandishi wa vitabu kutoka Nairobi alikuwa amekubali kuja Ijumaa moja kuzungumza shuleni kwetu hapa karibu na Kisian, na chama chetu cha waandishi, chenye wanachama tisa na kalamu labda sita, ndicho kilichopewa kazi ya kutayarisha mahali na vyombo. Mwalimu mkuu, ambaye sote tunamwita Madam, hakukipenda chama hicho tangu zamani, alisema kinafundisha wasichana kuota mchana, na akamwambia Mwalimu Odera, mlezi wetu, mbele yangu, "Odera, nikiaibika mbele ya huyo mgeni, chama chako nakifunga Ijumaa hiyo hiyo." Mimi ndiye katibu. Nilichaguliwa kwa sababu sikuweza kusema sitaki.

Upepo wa ziwa ulikuwa umeng'oa mabati ya bwalo, kwa hivyo tulihitaji hema, viti, spika na jenereta, na upande wetu huu mwenye vitu hivyo vyote ni mtu mmoja, Mzee Ogola wa pale senta, ambaye hukodishia watu wa matanga. Jumanne Mwalimu Odera alinituma mjini nikachukue picha ya mgeni iliyokuzwa studio, ya kutundika mlangoni, na akanipa orodha ya vyombo nimpitishie Mzee Ogola nikirudi.

Sasa nioneni pale mlangoni kwake: msichana wa sare, peke yake, macho chini (macho yangu huwa chini kila siku, ndivyo nilivyoumbwa), amekumbatia fremu yenye picha kubwa ya mwanamume aliyefunga tai. Mzee akaitazama picha, akanitazama mimi, akavua kofia.

"Mos, nyathina," akasema. "Pole sana, mtoto wangu. Ni baba?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema hapana. Neno lilikuwa mdomoni kabisa. Lakini mkewe alikuwa ameshatoka jikoni, ameshanishika mikono yote miwili, machozi yanamtoka, nami nikaona kumkatiza mtu mzima anayenililia ni ukosefu wa adabu, nikajiambia hema ni hema tu, akishalileta nani atauliza. Nikaitikia kwa kichwa.

"Alikuwa mwalimu, ndiyo maana tunapeleka shule?" Mzee akauliza, akisoma orodha niliyompa.

Nikaitikia tena. (Ukishaitikia mara moja, ya pili haina uzito.) Mama akasema nimwachie picha, ataipamba mwenyewe. Nikaiacha. Jumatano na Alhamisi nilifika mlango wa walimu mara mbili ili nimweleze Mwalimu Odera, na mara zote mbili nikajikuta nimerudi darasani.

Ijumaa asubuhi tulikuwa na mtihani wa hesabu. Katikati ya swali la nne nikasikia kaseti ya kwaya, ile ya maombolezo ambayo ukiisikia unajua kuna mtu ameondoka. Tulipotoka, hema lilikuwa limesimama uwanjani, viti vimepangwa pande mbili, njia katikati, na mbele kabisa vistuli viwili vya kuwekea jeneza, vimeachana urefu wa mtu. Picha ya mgeni ilikuwa mezani juu ya kitambaa cheupe, imezungushiwa maua. Spika zile zinasikika mpaka barabara ya Busia, na kwetu mtu haalikwi matangani, anasikia anakuja, kwa hivyo akina mama walikuwa wameshaanza kuingia getini wakipiga "Uwi! Uwi!", mmoja ana kuku kwapani.

"Adhiambo, nani amekufa?" rafiki yangu Awuor akaniuliza.

"Sijui," nikasema, na walahi wakati huo sikuwa na hakika tena.

Madam alitoka ofisini mbio. "Odera! Huyu kwenye picha ni nani? Mbona sijaarifiwa?"

Mwalimu Odera alikuwa amebadilika rangi. "Madam, ndiye mgeni wetu. Labda... labda ni ajali, njiani."

Madam akavua miwani, akaamuru shule nzima isimame kimya. Tukasimama. Nami nikainamisha kichwa, na nawaambia ukweli, nililia, maana nilishachanganyikiwa kiasi cha kufikiri pengine nimemuua mimi kwa kuitikia.

Ndipo Peugeot nyeupe ikaingia. Akashuka mwanamume mwenye tai ile ile, akapita katikati yetu akitabasamu (alidhani ule ukimya ni heshima yake) mpaka akafika mbele ya picha. Mama wa kuku akapiga ukelele, kuku akaruka.

"Samahani," mgeni akasema polepole, "mimi nimekufa lini?"

Mzee Ogola akanitafuta kwa macho, akanipata nyuma ya nguzo ya hema. "Madam, mimi nilielezwa na huyu. Binti wa marehemu."

"Binti yangu?" mgeni akauliza, sasa naye amepotea.

"Odera," Madam akaanza, "hicho chama chako..."

"Madam, kosa ni langu," akasema Mwalimu Odera, ambaye hakuwa na kosa lolote, na hilo ndilo lililonisukuma. Nikajikuta kwenye maikrofoni. Ikapiga mluzi. Nikasema hakuna aliyekufa, Mzee alinipa pole nikaona haya kumkatalia, ni mimi peke yangu, si chama. (Awuor anadai nilimalizia na "amina.")

"Yawa, huyu mtoto!" akasema mama wa kuku, akaangua kicheko, na uwanja mzima ukamfuata. Mgeni alicheka mpaka akakaa chini, bahati mbaya kwenye kistuli cha jeneza, na hapo hapo akazungumza nasi saa nzima pamoja na waombolezaji, waliokataa kuondoka kwa kuwa wameshafika.

Madam hakucheka. Ila mgeni aliomba kwa kinywa chake arudi mwaka ujao, basi chama hakikufungwa. Kilibadilishwa katibu tu. Sasa ni Awuor. Na mimi nilitumwa nikamweleze mke wa Mzee Ogola, ana kwa ana.

"Kwa hiyo baba yako yuko hai?"

"Yuko, mama. Anavua samaki Luanda Kotieno."

Akahesabu kwa vidole. "Na mimi nimemlilia siku tatu."

Nimejiapia: mtu mzima akikosea, nitamwambia pale pale, hata akiwa analia. Hapana ya Jumanne ningeisema kwa kunong'ona ikatosha. Ya Ijumaa ilihitaji jenereta.