Kijumba Nyuma ya Msikiti

Kazi yangu hapa Riyadh ni kuchora ramani za majengo. Ofisi iko Olaya, na mimi nakaa Al-Shumaisi, chumba kimoja na muuguzi Mkenya ambaye zamu zake na zangu hazikutani. Ndugu zangu wa Tanga hudhani nachora kasri. Mara nyingi nachora vyoo, ngazi na maegesho, narudishiwa, nachora tena.

Mwaka jana bosi alinipa kazi ya Jeddah. Kulikuwa na msikiti mdogo katika mtaa wa zamani, na ubavuni mwake nyumba ya wakfu ambamo wajane waliishi bure. Nyumba ile ilichakaa mpaka ikaamriwa ibomolewe. Msimamizi wa wakfu, mzee mpole aliyeurithi usimamizi kwa baba yake, alitaka kuweka vijumba vitatu uwanjani nyuma ya msikiti, vile vinavyoletwa na lori vikiwa tayari, kila kimoja na chumba, jiko na choo. Wajane walikuwa watatu. Mimi nilitakiwa nichore tu, tuombe kibali, basi.

Nilikwenda kupima. Joto la Jeddah si la Riyadh. Linakulowesha kabla hujafanya lolote. Msimamizi aliposikia natoka Tanzania akaniambia mjane mmoja ni wa kwetu. Kweli alikuwa mwanamke wa Unguja, mumewe alikuwa mwadhini wa msikiti ule mpaka alipofariki. Tangu nyumba ibomolewe alikuwa akilala kwenye stoo ya mikeka, upande wa wanawake. Alinikuta nimeshika futi ya utepe, akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Mwanangu, wewe wapima au wabomoa?"

Nikamwambia napima. Akanikaribisha chai ya tangawizi, akanieleza habari za wenzake. Mmoja alikuwa Msudani, miguu yake imevimba, hawezi kupanda hata kizingiti bila kushikwa. Mwingine alikuwa Myemeni, mkimya. Wote wawili walikuwa wamejishikiza kwa jamaa, na jamaa wameanza kuchoka.

Ombi la kwanza lilirudi. Katika ardhi ya msikiti, walisema watu wa vibali, wanaoruhusiwa kukaa ni imamu na mwadhini. Mtu mwingine yeyote hapana. Nilimpigia mama wa Unguja kumweleza. 

"Mume wangu alipokuwa hai mimi nilikuwa halali hapo," akasema. "Alipokufa, ndiyo ardhi imebadilika?"

 Nilimwambia tutajaribu njia nyingine.

Njia nyingine ilikuwa kukata kipande cha nyuma, tukitenge na msikiti kwa ukuta, kiwe kiwanja cha makazi. Msimamizi alihangaika nacho miezi, ofisi hii mpaka ile, na kila aliponipigia sauti yake ilikuwa imepungua. Mwishowe kipande kikakubaliwa. Lakini kilipokuwa kiwanja cha makazi kikapata masharti ya makazi: nyumba isiguse mpaka, iachwe nafasi wazi pande zote. Niliketi mbele ya kompyuta nikaichora ile nafasi. Vijumba vitatu vikawa viwili. Nikapima tena kwa sharti la upande wa uchochoro, viwili vikawa kimoja, tena kimesimama katikati kama mtu aliyekatazwa kuegemea ukuta.

Nilirudi Jeddah kumwona afisa wa vibali. Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kwa ugomvi, na ugomvi sikuupata. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanieleza kwamba zamani kulikuwa na uwanja kama ule, watu wenye huruma wakaujaza vyumba, ukuta kwa ukuta. Moto ulipozuka wazima moto hawakupata pa kupita.

"Mimi niliingia asubuhi yake," akasema. "Sitaki kuingia tena mahali kama pale."

Nilikusanya karatasi zangu. Ningependa angekuwa mtu mbaya. Ningechoka zaidi, lakini ningejua nimchukie nani.

Siku iliyofuata msimamizi aliwaita wajane upande wa wanawake, baada ya alasiri. Aliwaambia kibali ni cha kijumba kimoja, na wawili watakaobaki watakodishiwa chumba ghorofani. Macho yake alikuwa ameyaelekeza kwenye zulia. Akapendekeza wapige kura. Mama wa Unguja akatikisa kichwa.

"Kura ya nini?" akasema kwa Kiarabu chake chenye lafudhi ya kwetu, akimwonyesha Msudani. "Huyu hawezi ngazi. Sisi tunaziweza."

Msudani akaanza kulia, akakataa, akashikwa mkono akanyamazishwa.  Myemeni aliinamisha kichwa kukubali, akalivuta abaya lake, akatoka. Nilimwona kwenye mabomba ya udhu, ameyafungua maji wala hatawadhi.

Wakfu ukawakodishia wale wawili chumba mtaa wa pili, ghorofa ya nne, lifti mafi, hakuna. Msimamizi aliapa kutafuta cha chini. Bado anatafuta.

Nilikwenda mara ya mwisho kukagua kijumba kilivyokaa. Mama wa Unguja alikuwa ameshuka na chupa ya chai, anahema, ameketi na mwenzake Msudani nje ya mlango. Viti viwili vya plastiki na ndoo ya maji ya kulowekea miguu vilikuwa katika ile nafasi inayotakiwa kubaki wazi. Nikawaambia, kwa sababu ndiyo kazi yangu, kwamba hapo hapatakiwi kuwekwa kitu.

"Kiti ni jengo?" mama wa Unguja akaniuliza.

Nikasema sijui, labda niulize. Akanisogezea kile cha kwake, akasimama yeye, nami nikaketi.