Siku Tuliwafungia Watoto kwa Stoo ya Waru

Mtu akimsema dada yangu vibaya mbele yangu, tutakosana. Hiyo ijulikane kwanza. Lakini hii ya stoo nitaisema, kwa sababu aliyekaa mlangoni ni mimi.

Ilikuwa kwetu Kibirichia, huku Meru, mwezi wa saba, ile baridi ya ukungu kukaa mpaka saa sita mchana. Shule ilituma fomu: Alhamisi watoto wanachanjwa homa ya mafua, mzazi aweke sahihi. Binti ya dada yangu alikuwa darasa la tatu, na ana pumu. Kama kuna mtoto alihitaji hiyo sindano, ni huyo.

Lakini kwa grupu ya wazazi ya WhatsApp kulikuwa kumeingia sauti ya mwanamke hatumjui, analia ati sindano kama hiyo ilimaliza kizazi cha wasichana. Dada yangu aliisikiza mara tatu akimenya waru, viazi vya jioni. Yeye alingoja huyo mtoto miaka saba.

"Hakuna mtu ataguza huyu," akaniambia.

"Si ukatae tu kwa fomu?"

"Wakishapanga laini, nani anaangalia fomu? Ama ni wewe utasimama hapo?"

Mimi niliachia shule form two, mengine nimejifunza kwa simu na kwa kuuliza watu. Niliona hiyo sauti haisemi ni wapi wala ni lini. Ilininukia uongo. Lakini dada yangu akishaamua, mimi sina upande mwingine.

Alhamisi yeye na akina mama wenzake hawakupeleka watoto shule. Huku msimu wa waru ukifika mtoto akikosa darasa hakuna anauliza. Shida ni nesi wa chanjo akipita atawaona, mashamba yetu yanaonekana kutoka barabarani, kwa hivyo tukawaweka kwa stoo ya dada. Stoo ya waru haina dirisha, mwanga ukiingia waru zinageuka kijani. Watoto kumi na moja. Nikafunga, nikakalia gunia nje.

Saa nne nesi akafika na mwalimu.

"Wewe msichana, watoto wako wapi?"

"Wameenda Mitunguu kwa shosho yao, kukata ndizi."

"Wote? Nyanya mmoja?"

"Ako na ndizi mingi."

Mwalimu akacheka. Nesi hakucheka. Ndani mtoto akakohoa, kile kikohozi kizito cha kutoka chini kabisa.

"Na huyo, amekohoa kutoka Mitunguu?"

Nikapandwa na hasira, nikamwambia atoke kwa boma yetu kabla sijaita watu. Akafunga kisanduku chake polepole.

"Kwa listi yangu kuna msichana wa pumu. Sindano achana nayo. Lakini kama ako hapo ndani na huyo anakohoa, mtoe."

Nikajua ni ujanja, anataka nifungue. Sikumtoa, hata walipoenda zao.

Nilifungua saa tisa. Hewa iliyonipiga uso ilikuwa ya moto, kama umefunua sufuria. Yule wa kukohoa alikuwa amelala begani mwa binti yetu.

Jumamosi homa ikamshika binti yetu. Jumapili asubuhi hakuweza kusema maneno mawili bila kutafuta pumzi, na midomo ilikuwa imebadilika rangi. Tukamkimbiza hospitali Meru, wakamwekea oksijeni.

"Amekuwa karibu na mtoto mwingine mgonjwa?" daktari akauliza.

"Hapana," dada yangu akasema, akanikazia macho. Wale mama wote walikuwa wameapa kunyamaza.

Nikaangalia mtoto. Kila akivuta hewa, ngozi ya shingo ilikuwa inaingia ndani.

"Walikuwa kumi," nikasema. "Walikuwa na yeye kwa stoo, na ni mimi niliwafungia."

Dada yangu aligeukia ukuta. Sikuwa nimewahi kumwona akinigeuzia mgongo, hata siku tulizika mama.

"Na hao kumi," daktari akasema, "wako wapi saa hii?"

Wetu alipona, baada ya siku tisa. Lakini hiyo Jumapili hakuna aliyejua kama atapona. Nilisimama kwa korido nikaanza kupiga simu. Mama wa kwanza akashika kabla hata haijalia vizuri.

"Aki afadhali umepiga," akasema. "Huyu wangu tangu jana amekataa kula, na anapumua vibaya. Wenu ako aje?"

Nikamwambia amlete haraka. Nikapigia wa pili. Ikalia mpaka ikakatika. Nikapigia wa tatu.