Kiraka cha Kijani na Kiraka cha Krimu

Harufu ya rangi mbichi huninyima raha. Juzi fundi alipofungua mkebe katika nyumba ninayopanga hapa Kitale, nilitoka nikasimama uani mpaka akamaliza. Alidhani nina pumu, nami nikamwacha aamini hivyo. Ninyi nitawaambia ukweli.

Nilikuwa na miaka tisa, kwetu Kabuchai. Mama alikuwa ameugua kwa miezi mingi, na kwa kuwa chumbani kulikuwa na giza, alilala kwenye kochi sebuleni. Jumamosi moja Baba alirudi kutoka Bungoma na mikebe miwili midogo ya rangi. Alipaka viraka viwili ukutani mbele ya Mama, kimoja kijani kama mahindi machanga, kingine krimu.

Kijani nilikipenda papo hapo. Nilikigusa kabla hakijakauka, nikaharibu gauni langu la kanisani.

"Si tuweke hii, Mama? Hiyo ingine ni ya ofisi ya chifu!"

Mama alivitazama viraka kwa muda mrefu, akipumua kwa shida.

"Weka krimu, Baba Nekesa," akasema. "Watu watakuja wengi, na kijani italeta giza. Na viti mtoe zote, wapate mahali pa kupita."

Baba alitoka nje na brashi mkononi.

Mimi nilidhani kuna sherehe. Soda nilizitamani, lakini kushindwa kuliniuma, nami nilikuwa mtoto wa kununa hasa. Kwa siku mbili sikumsalimia Mama. Alipoomba maji, nilimwekea kikombe kando ya kochi nikaondoka bila kumtazama.

"Ati Nekesa bado ananikasirikia," nilimsikia akimwambia Baba, akicheka kidogo.

Ukuta ulipakwa Jumanne. Ijumaa Mama akafariki. Jeneza lake liliwekwa katikati ya sebule, watu wakalizunguka, wakasema nyumba imependeza. Nilisimama pale nikilia, na bado nikiona kwamba kijani kingefaa zaidi.

Kwetu mtu akifa, nyumba hupakwa rangi kabla waombolezaji hawajafika. Hilo nililijua nikiwa msichana mkubwa, babu alipofariki na wajomba wakaja na mikebe kabla hata kaburi halijachimbwa. Hapo ndipo nilipoelewa. Mama alikuwa amechagua ukuta wa matanga yake mwenyewe, ili Baba asihangaike peke yake. Alikuwa amebakiwa na siku sita, na mbili kati ya hizo nilimnunia.