Siku Tuliyong'oa Reli ya Mkonge

Kwetu Upare pembe ya msaragambo, kazi ya kijiji kizima, ikilia, huulizi mnaitiwa kazi gani. Unabeba jembe, unaondoka. Maswali utauliza mkishakaa kula makande. Ndivyo kijiji kizima kilivyochimba mifereji yake, na ndivyo mimi nilivyomtoa mume wangu kwa mikono yangu mwenyewe.

Yeye aliendesha injini ndogo ya shamba la mkonge, huko chini tambarare ya Same. Lilikuwa gari moshi la kuchekesha, reli zake mbili unazivuka kwa hatua moja. Lilibeba majani ya mkonge kutoka shambani hadi kiwandani. Kipande kimoja cha shamba kikishakatwa, reli ziling'olewa zikalazwa kwenye kipande kingine. Basi pembe ilipolia wakati wa vita vya Wazungu, tukaambiwa tukang'oe reli, nani angeshtuka? Nilishuka mlima kwa furaha, maana mume wangu nilikuwa namwona Jumapili tu.

Tuling'oa siku tatu. Mwisho tukaifikisha injini stesheni, tukaifunga kamba, wanawake kwa wanaume, tukaivuta hadi juu ya behewa la reli kubwa. Mwanzisha nyimbo nilikuwa mimi. Mume wangu alikuwa humo ndani ameshika breki, ananicheka ninavyojitia usimamizi.

Askari waliokuwa wakitungoja hapo wakaifunga minyororo. Nikamwita ashuke tukale. Alipotaka kushuka, askari akamrudisha.

Nikamwendea karani wa stesheni, mtu mzima wa pale mjini.

"Shikamoo, mzee. Mbona yule hashuki?"

"Marahaba, mwanangu. Serikali imeichukua reli hii na vyombo vyake vyote. Vinakwenda kisiwani, kwenye vita. Hamkuambiwa?"

"Kisiwa gani?"

"Hata mimi sijui. Ila yeye yumo kwenye orodha."

Sikujua kusoma, akanisomea: injini moja, matoroli, reli, misumari, jeki mbili, dereva mmoja. Nilidhani amekosea. Nikamwomba arudie, akasoma vilevile, jeki kisha dereva. Mtu wangu niliyempikia jana yake ametajwa baada ya jeki. Nilipogeuka gari lilikuwa limeshaanza kwenda, naye amenyoosha mkono, hacheki tena. Watu wa kwetu walisimama na kamba mikononi, hakuna aliyethubutu kunitazama. Nilikasirika nao wote, na zaidi nilijikasirikia mwenyewe.

Vita vilipokwisha, wanaume wengine walirudi na makoti ya jeshi. Nikawa nashuka stesheni kila wiki. Siku moja karani mpya, kijana mwenye adabu zake, akanifungulia faili. Akasema vifaa vilivyokwenda kisiwani havitarudi, vimekwisha kwa kutumika, na shamba limeshaletewa vingine vipya.

"Na dereva?" nikauliza.

Akarudi kwenye karatasi, akapitisha kidole taratibu mpaka chini.

"Dereva yumo humo humo, mama."